Funguo Tatu za Mweka Hazina

Mweka Hazina wetu hakuwahi kumpa kiti mtu aliyechelewa. Chama chetu cha akiba kilikutana kila Alhamisi saa nane mchana, nyuma ya mashine ya kusaga unga pale Otonglo, na ukifika saa nane na dakika mbili ulikuta kiti chako cha plastiki kimewekwa juu ya kingine, ishara kwamba utasimama mpaka mwisho. Mwenzetu mmoja muuza sukuma wiki alifika hivyo akiwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, jasho linamtiririka. Akasimama saa nzima na robo, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ukuta. Mmoja wetu alipoinuka ampishe, Mweka Hazina alimwambia arudi chini, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Hata huyo wa ndani ajue mapema kuchelewa ni kubaya." Mtoto alizaliwa wiki ile ile, na hadi leo mama yake husema aliyemtoa ni yule mwanamke.

Nilimjua miaka kumi na mmoja. Miaka kumi nilimwogopa, na mwaka wa mwisho nikamchukia. Sasa amekufa, na bado nikimkumbuka damu inanichemka, ila siku hizi sijui vizuri nimkasirikie nani, yeye au mimi.

Alikuwa mrefu na mkavu, mwenye macho ambayo hayakupepesa sana. Aliuza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua nyama yote. Aliikaanga kwenye karai kubwa kando ya barabara, na akina mama wa Otonglo waliinunua kwa sababu ina ladha ya samaki kwa bei ya mfupa. Soko zima humpa mteja nyongeza, nyanya moja, kitunguu kimoja, kiganja cha omena. Yeye hakutoa nyongeza kwa mtu yeyote, hata kwa mchungaji wake. Alisema anayetaka zaidi alipe zaidi, na mchungaji akalipa.

Watu wote aliwapa majina, na jina alilokupa Mweka Hazina lilikuwa haling'oki. Mimi aliniita Digrii Nusu. Nilisoma chuo kikuu Bondo miaka miwili, karo ikaisha, nikarudi Otonglo kufungua kibanda cha kuchaji simu. Chama kikanichagua katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Kila mgeni alipotutembelea Mweka Hazina alinitambulisha kwa utaratibu uleule, akinyoosha kidole. "Huyu ni katibu yetu, Digrii Nusu. Hiyo nusu ingine ilibaki Bondo." Wageni walicheka, nami nilicheka pamoja nao, maana ningefanya nini? Nikifika nyumbani nilikuwa nalia kama mtoto, mwanamke mzima mwenye watoto wawili.

Lakini kisa ambacho watu husimulia zaidi ni cha mama mmoja aliyefiwa na mtoto. Alikuja mkutanoni na nusu ya mchango, akaomba avumiliwe. Mweka Hazina alimtazama, akafunga daftari juu ya kidole chake ili asipoteze ukurasa. "Mtoto alizikwa Jumamosi," akamwambia. "Leo ni Alhamisi." Yule mama akafungua fundo la leso yake, akatoa pesa aliyokuwa amewekea unga, akalipa.

Ninachoshindwa kukiweka mahali ni hiki: katika msiba ule ule, Mweka Hazina ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuja na sufuria zake mbili kubwa, akashinda jikoni siku tatu, akapika, akaosha vyombo vya watu mia mbili, akachota maji mtoni yeye mwenyewe na goti lake bovu. Alipomaliza alisugua sufuria zake kwa majivu, akazibeba akaenda, hakungoja shukrani. Kwake msiba ulikuwa na siku zake na mchango ulikuwa na siku yake. Hakuona kwa nini kimoja kiingie katika siku ya kingine. Mimi bado sielewi moyo wa namna hiyo, na sitajifanya naelewa.

Sanduku la chama lilitengenezwa na marehemu mume wake, fundi seremala, kwa ubao wa mninga. Ubavuni aliandika kwa rangi nyekundu AKIBA HAIOZI, na hayo ndiyo maneno ambayo mkewe aliyasema mwanzo na mwisho wa kila mkutano, kama vile wengine wanavyosema Amina. Lilikuwa na kufuli tatu. Yeye alikaa na sanduku na ufunguo mmoja, na wanachama wengine wawili walikaa na funguo zilizobaki. Halikufunguka mpaka watatu hao wawepo na sisi wote tukiangalia. Vyama vyote vya huku hufanya hivyo, lakini Mweka Hazina alifanya kama ibada. Ufunguo wake ulining'inia kwenye kamba ndani ya nguo, na alipoutoa aligeuka akatupa mgongo, ingawa sote tulijua ulipokuwa.

Siku moja mwenye ufunguo wa pili, mama wa mitumba, aliudondosha ziwani akifua nguo. Alikuja akakiri. Mweka Hazina hakumkaripia. Alituma nyundo iletwe kutoka kwenye mashine ya unga, akamwekea mkononi, akamwambia avunje kufuli yeye mwenyewe mbele yetu. Yule mama aligonga mara ya kwanza akakosa, akagonga kidole chake, akagonga tena huku damu inamtoka. Kufuli ikaachia kwa pigo la sita. Akalipa kufuli mpya, mkutano ukaendelea. Ninalikumbuka pigo lile la sita mara nyingi, jinsi tulivyopumua wote kwa pamoja, kwa sababu tulijua basi, imefunguka.

Halafu wezi wakaja. Jumapili moja yeye akiwa kanisani walivunja dirisha la nyumba yake kule Seme, wakalibeba sanduku zima. Lilipatikana kwenye shamba la miwa, limepasuliwa kwa shoka. Kufuli zote tatu zilikuwa bado zimefungwa kwenye vipande vya ubao. Mweka Hazina alilibeba pande lile lenye maneno ya mumewe hadi mkutanoni, akaliweka miguuni pake, akasema tutaanza upya, kila mtu kwa kiwango kilekile. Tukaanza upya. Tulikuwa na jambo mbele yetu: vibanda vyetu vilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, alama nyekundu zilikuwa zimeshapigwa ukutani, na nyuma ya soko kulikuwa na kiwanja ambacho mwenyewe alikubali kutuuzia tukifikisha bei. Kiwanja kile ndicho kilichokuwa maisha yetu. Bila kiwanja, siku mashine ya manjano ya kubomoa itakapokuja, tungeuzia juani kwenye matope.

Hapo ndipo Digrii Nusu akainua mkono.

Nilikuwa nimejifunza mambo ya sarafu za kidijitali kwa vijana niliosoma nao Bondo. Niliwaambia wenzangu pesa inaweza kukaa ndani ya simu pasipo benki, kwa maana benki waliichukia, walisema inakula kidogo kidogo kama panya. Nikawaambia kuna mkoba wa simu ambao hufunguliwa kwa maneno ishirini na manne ya Kiingereza. Simu ikiibwa au ikifa, unanunua nyingine, unaandika maneno yale kwa mpangilio, pesa inarudi yote. Mwizi asiye na maneno hafanyi kitu, hata akiwa na shoka. Niliongea vizuri siku hiyo. Nilikuwa nimengoja miaka kuongea namna hiyo mbele yake.

Mweka Hazina alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. "Kufuli yake haivunjiki?" akauliza.

"Haivunjiki, Mama."

"Hata sisi wenyewe hatuwezi kuvunja? Hata na nyundo?"

"Hata sisi," nikasema, na nilisema kwa fahari.

Kisha akasema maneno yatagawanywa mara tatu, manane manane, kama funguo, na simu itakaa kwenye sanduku jipya lenye kufuli tatu. Nikafurahi, nikadhani amenielewa. Nikaongeza masharti niliyofundishwa: msipige picha, msiandike kwenye simu, msinakili mara mbili, kila mtu afiche pake na asimwambie mtu mahali alipoficha, hata mimi katibu. Yeye akatikisa kichwa kwa kila sharti. Sheria alizipenda kuliko alivyowapenda watu, nami nilikuwa ninampa sheria mpya tamu.

Siku ya kuandika maneno, alikata kipande cha katoni, akatoboa kidirisha cha kutosha mistari minane. Simu ilipofika kwenye ukurasa wa maneno aliichukua mkononi mwangu. "Wewe geuka uangalie ukuta," akaniambia. Mimi, niliyeleta wazo, niliyenunua simu, niliyefungua mkoba. Nikageuka. Nilisoma bango la zamani la dawa ya mifugo dakika arobaini, nikisikia nyuma yangu kalamu zikikwaruza, maana wenye funguo walinakili herufi moja moja kama wanaochora. Simu ilipotaka kuhakikisha, kila mmoja alibonyeza yake huku wengine wamefunika macho. Ningeweza kuiba kwa jicho. Kulikuwa na kipande cha kioo kwenye dirisha la mashine, na simu ilionekana ndani yake kama ukitaka kuiona. Sikutaka. Nilikuwa mwaminifu kwa sababu ya hasira, nikijiambia atajua siku moja kwamba alimshuku mtu asiye mwizi. Kumbe ningekuwa mwizi kidogo tu siku ile, leo tungekuwa na kiwanja.

Tulipokaa tena alikunja karatasi yake, akaishika ngumini. Akaniuliza, sauti ya chini kuliko kawaida, "Na nikikufa?"

Huku kwetu hatusemi kifo cha mtu aliye hai. Kukisema ni kukiita. Wanawake waliguna, mmoja akasema shetani ashindwe, mwingine akasema Mungu apishe mbali. Nami nilikuwa nimesimama dakika arobaini nikitazama bango la ng'ombe, nikaona nafasi yangu. Nikasema, "Mama, wewe hata kifo kikija kimechelewa, utakinyima kiti." Chama kizima kiliangua kicheko. Walicheka mpaka mama wa mitumba akafuta machozi. Mweka Hazina aliwatazama mmoja mmoja, nao wasikome, ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ile. Swali lake likaishia hapo. Hakuliuliza tena, wala hakuna aliyelijibu.

Nilijivunia mzaha ule miezi mingi.

Alikufa msimu wa mvua za vuli, baada ya kiharusi. Tulimzika kwa heshima zote, maana chama kilikuwa na mfuko wa misiba na yeye mwenyewe alikuwa ameulinda kwa meno. Alizikwa na sare yake ya kanisa, gauni jeupe lenye ukosi wa buluu na mshipi wa buluu, kama akina mama wote wa kanisa lake wanavyozikwa. Kwa pesa ya mfuko tulinunua saruji na vigae vya kahawia, tukalijengea kaburi lake vizuri lisizame mvua ikinyesha. Kumi na wanane tuliosalia tulichangia kokoto juu yake. Tuliimba. Kuna picha niko mimi mwenyewe nimeshika mwiko wa fundi, natabasamu.

Wiki tatu baadaye mwenye kiwanja akatuita, bei ilikuwa imetimia. Tukafungua sanduku. Simu ilikuwa imelala humo miezi bila kuchajiwa wala kutumiwa, maana kutuma michango mkobani kulihitaji anwani yake tu, betri imevimba imeinua kioo kama andazi. Fundi wa simu mjini Kisumu aliifungua, akatikisa kichwa, akairudisha kwenye bahasha. Sikushtuka. Niliwaambia wenzangu hii ndiyo sababu tuna maneno. Mama wa mitumba alileta manane yake, alikuwa ameyaficha ndani ya debe la mtama. Mwenye ufunguo wa tatu alileta yake, kati ya kurasa za kitabu cha nyimbo. Tukaenda Seme nyumbani kwa Mweka Hazina, alikobaki mkwe wake, mke wa mwanawe, kutafuta manane ya mwisho.

Tulipekua nyumba ile siku mbili. Tulifungua magodoro, tukatikisa Biblia, tukachimba chini ya mafiga, tukachana hata mto aliolalia. Mkwe alisaidia mwanzoni, siku ya pili alikaa nje akilia. Nilimpigia kijana mmoja ninayemwamini, nikamuuliza kama mtu anaweza kukisia. Akasema likikosekana neno moja, kompyuta italipata kabla chai haijapoa. Nikamwambia ni manane. Akacheka kwanza, kisha akaona sicheki, akasema pole dada.

Aliyetufungua macho ni mshona nguo wa Otonglo, ambaye kibanda chake kinapakana na changu. Alikuja kwangu ameinamisha kichwa. Akasema kitambo Mweka Hazina alimjia akiuliza maandishi gani hayatoki nguo ikifuliwa. Mshona nguo akampa ile kalamu ya kuandikia majina kwenye sare za shule, na utepe wa nailoni, na kumwonyesha namna ya kushona pindo bila mshono kuonekana nje. Mweka Hazina aliandika akiwa amempa mgongo, akashonea utepe ule ndani ya pindo la gauni la kanisa, papo hapo kibandani, kwa mkono wake. Nguo nyingine nyumbani huazimwa, huibwa, hufanywa matambara. Sare ya kanisa hakuna anayeigusa. Ilikuwa akili, hata sasa siwezi kuikana.

"Mbona hukusema kabla ya mazishi?" nikamuuliza.

"Nilidhani ni dawa ya mganga," akasema. "Mama wa kanisa, ameshona dawa kwa pindo. Ningesemaje hiyo mbele ya watu? Nilikuwa naficha aibu yake."

Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwa na haja ya kuniambia. Alisema utepe ule ni mzuri, haushiki maji. Alimhakikishia Mweka Hazina kwamba hata nguo ikichakaa, utepe hautaoza.

Tulimwendea mwanawe mkubwa. Alitusikiliza, akauliza kiasi, akaingia ndani kushauriana na wazee. Wazee walisema kaburi likishafungwa halifunguliwi, atakayefungua ataleta chira, laana inayokula ukoo mzima mpaka kitukuu. Mwana alisema labda tuje na karatasi ya mahakama, na kama tutaipata, basi nusu iwe ya familia. Wenzangu waligawanyika hapohapo uani. Wengine walisema tuchimbe, wengine walisema hawatakula pesa iliyotoka kwenye vazi la maiti, na mama wa mitumba, yeye wa kidole, aliketi juu ya kigae cha kaburi akasema, "Sasa nyundo iko wapi?" Hakuna aliyecheka. Hatukwenda mahakamani. Pesa ya kulipa wakili ilikuwa kwenye pindo hilo hilo.

Mashine ya manjano ilikuja mwezi uliofuata, asubuhi, ikamaliza kabla ya saa nne. Kiwanja kilinunuliwa na mtu wa kuuza magari. Sasa tunauzia chini, kwenye gunia, na mvua ikija tunafunika bidhaa kwanza na vichwa baadaye. Muuza sukuma wiki alirudi kwao. Yule mama aliyefiwa anafulia watu nguo mtaa wa Milimani. Na kila Alhamisi, saa nane, wale waliobaki huja kwangu kuomba niwaonyeshe, kwa sababu pesa yenyewe inaonekana. Anwani ya mkoba ninayo, nikiiandika kwenye simu yoyote salio linatokea, lote, halijapungua hata senti. Juzi lilikuwa limepanda. Wanatazama, wanashukuru, wanaenda. Nimewahi kuwaambia anwani imepotea. Hawakuniamini, na mmoja akaniita mwizi.

Nasema haya yote ili nifike Kombewa, ambako sikutaka kufika.

Mara ya mwisho nilimwona hai katika hospitali ya Kombewa, Jumanne, saa ya kuona wagonjwa. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha mbele ya karai lake. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umevutwa, na maneno yaliyombakia yalikuwa machache, aliyatoa kwa shida kama mtu anayetoa mfupa kooni. Nilikwenda kwa sababu katibu ni lazima aende. Na nitasema kweli, nilikwenda pia nikamwone amelala chini.

Mkwe wake alikuwa anampangusa mate. Mweka Hazina aliponiona, jicho lake zima lilinishika.

"Yunifomu," akasema. Akapumzika. "Lete."

"Tangu jana ni hiyo tu," mkwe akaninong'oneza. "Ile ya kanisa. Amejua anaenda."

Nguo ya kuzikia mtu haipelekwi kwake akiwa bado anapumua. Ukiipeleka umemfungulia mlango, na hakuna mkwe anayetaka kuambiwa hivyo maisha yake yote. Kwa hiyo tulimpa maneno ya kumtuliza. Yeye akashika ukingo wa shuka kwa mkono wa kushoto, akaubana kati ya kidole na gumba, akausugua, akauvutia upande wangu. Niliunyoosha, nikauchomeka chini ya godoro. Akauchomoa. Akausugua tena, akinitazama. Nikauchomeka tena. Kisha akaachilia shuka, akainua vidole vitatu.

Mkwe aliinamisha kichwa papo hapo. "Kwa jina la Baba," akaanza, "na la Mwana." Nami nikafumba macho. Tulipofika Amina nilifumbua, nikaona chozi limetoka kwenye jicho la upande mzima, linaelekea sikioni. Sikuwahi kuona chozi lake. Miaka kumi na mmoja. Nilimhurumia. Nikadhani ni imani.

"Tutakuvisha, Mama," nikamwambia, nikaushika mkono wake. "Usiwe na wasiwasi. Nitaipiga pasi mimi mwenyewe. Hakuna mtu mwingine ataigusa."

Alinitazama vile alivyokuwa akimtazama mtu aliyefika saa nane na dakika mbili. Midomo ikahangaika muda mrefu.

"Nusu," akasema.

Nilidhani ananiaga kwa jina langu, nikalia. Akauchomoa mkono wake kutoka kwenye wangu, akageuzia uso ukutani.

Alikufa Jumatano, nami nikatimiza ahadi. Nililifua gauni lile kwa mikono yangu, nikalitia wanga, nikawasha pasi ya makaa. Ukosi ulikaa vizuri, na mikono, na mshipi. Pindo la chini tu ndilo lililonisumbua, mahali pamoja palikuwa pagumu kidogo na hapakutaka kulala. Nikaweka kitambaa juu yake, nikarushia maji, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote mpaka pakalala.